Matanga ya Mwoka Mikate

Kitui,
14 Juni 1981

Shangazi mpendwa Kalunde,

Nakusalimu kutoka huku Kitui, kwenye vumbi na asali. Mimi ni mzima, na naomba mgongo wako uwe umekuachilia. Baba na Mama hawajambo. Baba anauliza kama bado unakumbuka kwamba una kaka. Mvua ilituaga mapema, lakini mbaazi zimesimama, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya niunguze ugali mara mbili wiki hii. Unamkumbuka yule mwalimu mgeni wa Hisabati, mrefu, aliyekuwa akila muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa uma? Amerudi kwao, akaniachia sanduku zima la vitabu vya hadithi. Shangazi, sanduku! Kuna cha Brazil, mjane wa tarishi anagombea umeya na kuwabwaga wanaume wote. Kuna cha Japani, mzee mfinyanzi anakataa kuuza bakuli moja. Kurasa mia tatu anakataa tu, na mimi nimezisoma zote. Lakini kilichoniteka kabisa ni cha Norwe, nchi ya baridi huko juu Ulaya. Ni cha upelelezi, na nikikishika hata kengele ya shule siisikii.

Kwa vile kitabu ni cha Kiingereza na wewe uliishia darasa la nne (usinune, Kiswahili chako cha stesheni ya Makindu kinanishinda mimi mwalimu), nitakusimulia kipande kwa kipande. Uliniambia akina mama wa mwethya wako, mnaochimbiana mitaro kwa zamu, huchoka kabla ya saa nne. Labda hadithi itawashika.

Haya. Ni mji mdogo. Theluji imeanguka usiku kucha. Asubuhi mwoka mikate, Bwana Halvorsen, anakutwa sakafuni jikoni kwake, amekufa. Amelishwa sumu ya panya. Nje kwenye theluji kuna nyayo za viatu vyake mwenyewe, za mtu mwingine hakuna. Stoo yenye sumu imefungwa na ufunguo haupo. Waliokuwa karibu naye ni mke wake, ndugu yake anayegombania naye tanuri, na mzee wa kanisa anayepiga kengele kila asubuhi kisha kuja kununua mkate. Nani kamuua? Fikiri unapochimba.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Mbinya

*

Salama,
2 Julai 1981

Kwako Mbinya, mwalimu wa watoto wa watu,

Barua imefika. Mimi mzima, mgongo mzima, kuku wazima isipokuwa mmoja aliyekwenda na mwewe. Mwambie kaka yangu namkumbuka sana, hasa nikilitazama lile jembe alilonipa bila mpini.

Jumatatu tulikuwa kwa Mumbua, tunachimba fanya juu, na wewe unajua fanya juu: udongo wote unautupa upande wa mlimani, mkono unakatika. Saa nne wakaanza kushika viuno. Nikasema, subirini, niwaambie kilichotokea Norwe.

Theluji ilinipa taabu. Bahati nzuri asubuhi hiyo Kilimanjaro ilikuwa imejitokeza kule mbali, nikawaonyesha ule weupe, nikasema ni huo, umeshuka mpaka mlangoni. Mumbua akauliza, "Na choo wanaendaje?" Uniandikie jibu.

Na hayo majina! Halvorsen ni jina la kutafuna kwa meno ya nyuma. Nimewapa majina yetu. Mwoka mikate ni Mwangangi, kama shemeji yangu mwenye duka hapa Salama, kwa sababu naye ni mnene na mikate anaipenda. Mke ni Syokau. Ndugu ni Kisilu. Yule mzee wa kanisa sikumpa jina, nimemwacha Mzee tu.

Mbinya, nilipofika pale maiti anapoonekana, wanawake arobaini na watatu walitupa majembe wakashika vichwa! Kisha wakachimba mpaka saa nane bila kuulizia chai. Mumbua amepata mitaro mitatu kwa siku moja, na zamani tulikuwa tukitoa mmoja na kipande. Leta kingine upesi. Wameapa kwamba nisipoleta watanizika mimi kwenye huo mtaro.

Nimefurahi, mtoto wangu. Tangu marehemu mume wangu aende, sijasikilizwa na watu wengi hivyo.

Shangazi yako,
Kalunde

*

Kitui,
19 Julai 1981

Shangazi mpendwa,

Nimecheka mpaka wanafunzi wakafikiri nimepata barua ya mchumba. Huku tu wazima. Yule ndama tumemwita Kalunde, kwa sababu hanyamazi.

Mwambie Mumbua choo kiko ndani ya nyumba, apumue.

Lakini Shangazi, kumpa maiti jina la mtu aliye hai, tena shemeji yako? Haya. Mimi simo.

Kipande cha pili. Mpelelezi anafika kwa treni. Ana mafua, na ana tabia moja: akidanganywa anapiga chafya. Akaongea na mke, akapiga chafya. Akaongea na ndugu, akapiga chafya mbili. Mwoka mikate akazikwa siku hiyo, na ardhi ilikuwa imeganda hata wakawasha moto juu yake ndipo wakaweza kuchimba kaburi. Mjane alilia. Ndugu hakulia, na mji mzima ukaanza kunong'ona kwamba yeye ndiye. Ila jioni, mpishi aliyeitwa kuwapikia waombolezaji alipofungua debe la unga jikoni, akakuta ufunguo wa stoo umezama ndani. Na debe hilo siku zote haligusi mtu ila mke. Nani aliutia humo? Niishie hapo, mkono umechoka.

Wako,
Mbinya

*

Salama,
20 Agosti 1981

Mbinya,

Salamu. Barua yako nilipata. Mimi mzima. Kuku wazima.

Usitume hadithi tena. Macho yananiuma na kazi ni nyingi. Nisalimie kaka yangu.

Kalunde

*

Kitui,
27 Agosti 1981

Shangazi,

Huku wote wazima. Nimesoma barua yako nikapiga chafya.

Unasema macho yanakuuma, na mwandiko umenyooka kwenye mstari kuliko siku zote. Mtu wa macho mabovu maneno yake hutawanyika kama mbuzi. Kazi nyingi, sawa, ni mwezi wa kuchimba, lakini hukutaja hata shamba moja la mtu, wewe ambaye huniambia mpaka nani alikuja na jembe butu. Hukunitukana popote. Hukuuliza ufunguo uliingiaje kwenye unga! Huyo aliyeniandikia simjui. Kuna kitu kimekupata na unakificha, na nimekosa raha siku mbili nikikiwaza.

Mwisho wa hadithi ninao, nimeshauandika kurasa nne. Hautoki Kitui mpaka uniambie ukweli.

Mbinya asiyedanganyika

*

Salama,
9 Septemba 1981

We mtoto mbaya,

Salamu nitakupa nikitaka. Haya, tu wazima, na unisalimie kaka yangu kwa kuzaa askari.

Nitakwambia. Kile kipande cha pili nilikisimulia Alhamisi moja tu, kwenye shamba la juu la Mumbua, kando ya ua wa mkonge. Tulipofika kwenye mazishi, akina mama walishindwa kujizuia. Wengine waliimba. Mmoja akalia kwa sauti, "Woi, leo tunamzika Mwangangi, na ndugu yake ndiye kamlisha sumu!" Sasa hapo njiani alikuwa akipita mwanamke wa ng'ambo ya mto, ana mtungi mgongoni. Akasikia. Hakuuliza. Aligeuka na mtungi wake mtupu akarudi kwao mbio.

Na shemeji yangu Mwangangi alikuwa amekwenda Mombasa siku sita kununua bidhaa. Duka limefungwa. Nani angebisha?

Kesho yake niko uani napepeta kunde, naona mstari wa wanawake unashuka kilima na mizigo ya kuni. Nyuma yao wengine wana maji, mahindi, sufuria ya kanisa. Mwethya mzima wa ng'ambo umekuja kushika matanga, jinsi inavyotakiwa, na kwangu ndiko walikojia kwa sababu mimi ndiye mke wa ndugu yake. Mchungaji naye huyo, ana Biblia na kitabu cha nyimbo. Kabla sijafungua mdomo wameshawasha mioto mitatu. Ningefanyaje? Nilisema, "Jamani, huyu mtu ni wa Norwe," wakanishika mabega wakaniambia nilie tu, nisijikaze.

Saa tisa Mwangangi akashuka kwenye basi pale Salama, akaambiwa kwa Kalunde kuna msiba. Mtu mwema yule. Hakwenda hata kuoga. Alinunua sukari kilo mbili akaja kuhani msiba wake mwenyewe. Alipopita kwenye lango na kuuliza nani katutoka, Mbinya, sijawahi kuona watu wazima wakikimbia hivyo. Mchungaji aliruka ua. Tulipata viatu vyake kwenye kunde zangu.

Mimi nilicheka. Hilo ndilo kosa langu. Nilicheka mbele ya watu.

Mzee Ndolo, unamjua, mzee wa kanisa letu mwenye sauti ya tarumbeta, akanishtaki. Kwamba nimemwombolezea mtu hai, jambo ambalo hata wazee wetu waliliogopa. Kwamba nawafundisha akina mama wa Mungu habari za sumu na ufunguo kufichwa kwenye unga. Kamati ya kanisa itakaa Jumapili ya tarehe nne Oktoba. Nikishindwa nitawekwa nyuma, nisishike Meza ya Bwana mpaka Krismasi, nitavuliwa uongozi wa akina mama, na hadithi ni marufuku shambani. Hata sasa nimeambiwa ninyamaze. Tunachimba kimya. Mtaro mmoja na kipande.

Naona aibu, mwanangu, ndiyo maana nilikuficha. Mimi ni mjane mwenye shamba la mawe. Siku mbili za mwethya ndizo nilizokuwa nazingoja wiki nzima. Wakiniondolea hizo, nitabaki nikiongea na kuku.

Shangazi yako,
Kalunde

*

Kitui,
18 Septemba 1981

Shangazi yangu mpendwa,

Mimi, Baba na Mama tunakusalimu, na Baba amecheka mpaka akakaa chini, kisha akasema mtu akikugusa atakuja na lile jembe lisilo na mpini. Usione aibu. Mtu aliyewafanya wanawake arobaini na watatu wamlilie mwoka mikate wa Norwe hana haja ya kuona aibu popote.

Sasa sikiliza, maana nimesoma vitabu hivi kumi na moja na vyote vinanifundisha kitu kimoja. Mtu hakamatwi kwa anachokificha. Hukamatwa kwa anachokijua. Nimerudia barua yako mara nne. Unasema habari ya ufunguo kwenye unga uliisimulia Alhamisi moja tu, mahali pamoja, kwa wanawake peke yao. Waliokuja na kuni walisikia habari ya sumu, basi. Mzee Ndolo kautoa wapi ufunguo?

Usimshutumu. Usibishane. Omba kamati kwa heshima zote imruhusu mzee aeleze mwenyewe, polepole, huo uovu uliousema ulikuwa upi. Kisha kaa, fumba mdomo. Najua kufumba mdomo kutakuuma.

Mwisho wa hadithi uko kwenye bahasha hii ndogo. Usiifungue mpaka kesi iishe, na uifungulie shambani. Usiniulize kwa nini.

Nakuombea,
Mbinya

*

Salama,
11 Oktoba 1981

Mbinya, binti wa kaka yangu, jicho langu,

Shukuru Mungu, tu wazima. Mawingu yamekaa upande wa Makindu, mvua haiko mbali. Kuku wametaga. Shemeji yangu Mwangangi anakusalimu yeye mwenyewe, akiwa hai.

Jumapili baada ya ibada tulibaki kanisani. Wazee sita mbele, Mchungaji katikati, na akina mama wangu wote wamejaa nyuma na hakuna aliyewaalika. Nikasimama nikasema, "Wazee wangu, mimi ni mjinga, sijui nilikosa wapi. Naomba Mzee Ndolo aeleze niliyoyasema, ili nitubu moja moja." Kisha nikakaa. Mdomo niliuuma kwa meno.

Ndolo akaanza kwa ukali. "Mwoka mikate kauawa!" Halafu akaendelea. Akaeleza theluji. Akaeleza nyayo, jozi moja tu. Akafika kwa mpelelezi, na Mbinya, akapiga chafya! Akapiga chafya kanisani, mbili, jinsi nilivyopiga mimi shambani. Wazee walikuwa wamesogea mpaka ukingoni mwa benchi. Akashusha sauti: "Ndipo mpishi akaingiza mkono kwenye debe la unga, akagusa kitu kigumu, baridi..." Anasimulia kunishinda mimi, haki ya Mungu.

Mumbua akasimama nyuma. "Samahani, mzee. Hilo la ufunguo lilisemwa siku moja, shambani kwangu, na tulikuwa wanawake tupu. Wewe ulikuwa wapi?"

Ndolo akasema alikuwa akitafuta mbuzi. Mumbua akamuuliza kama huyo mbuzi hupotea kila siku ya mwethya. Kanisa likaanza kuguna. Mchungaji akamgeukia, akamuuliza taratibu, "Basi mzee, siku ile ya kuni, wewe ulijua ni hadithi?"

Ndolo akakaa. Lile tarumbeta likawa filimbi. "Nilijua, Mchungaji. Lakini nilikuwa nimejificha kwenye mkonge. Mzee mzima! Ningewaambiaje watu? Nikaona nikemee kwanza kabla sijakemewa."

Mchungaji aliinamisha kichwa, nikadhani anaomba. Kumbe anacheka. Mabega yalimtikisika. Akajikaza akauliza, "Na huo ufunguo, ni nani aliyeutia kwenye unga?"

"Si ndiyo nami nataka kujua!" akasema Ndolo. "Wiki tisa mama huyu amenyamaza!"

Mbinya, lile kanisa lilicheka mpaka njiwa wakatoka darini. Kisha Mwangangi akaomba kusema. Akasema yeye hana kesi na mtu. Akasema, "Ni watu wangapi hupata kujua nani angewalilia? Mimi sikufikiri nina hata mmoja. Nilikuta mioto mitatu." Akatoa kitambaa, akapangusa macho, nami pia, kila mtu.

Uamuzi ni huu. Nisitumie tena majina ya watu walio hai karibu. Tuombe kabla ya kuanza. Uongozi ninao, Meza ya Bwana ninayo. Na Ndolo akitaka kusikia asikae kwenye mkonge, aje na jembe achimbe kama wengine.

Alikuja Alhamisi. Mwanamume peke yake kati ya wanawake arobaini na watatu, na malengelenge kabla ya saa tatu. Saa nne nikaomba, nikafungua bahasha yako, nikasoma ukurasa wa kwanza moyoni. Ndipo nikaelewa kwa nini hukutaka niifungue mapema, mtoto mbaya wewe.

Muuaji ni mzee wa kanisa.

Nilisimama pale na karatasi. Ndolo ameegemea jembe, ananitazama kama mtoto anayengoja kuonjeshwa. Nikafikiri nimpe Kisilu hiyo dhambi, nani atajua? Nafsi ikanikatalia. Nimepelekwa mbele ya wazee sita kwa ajili ya kusimulia, na leo siku ya kwanza niseme uongo kwa hofu? Basi ningekuwa nimepigania bure.

Nikasimulia ilivyo. Kwamba Mzee alikuwa na kinyongo cha miaka thelathini, tangu mwoka mikate alipokataa kumwoza dada yake. Kwamba aliingia kabla theluji haijaanguka, akaondoka amevaa viatu vya marehemu, ndiyo maana theluji ikaonyesha nyayo za mtu mmoja, na akauzamisha ufunguo kwenye unga asubuhi moja alipokuja kununua mkate. Kwamba mpelelezi alimwacha aongee tu, mpaka Mzee akataja kikombe cha buluu alichonywea marehemu, kikombe kilichovunjika na kufagiliwa kabla mtu yeyote hajaingia.

Nikakunja karatasi. Wanawake wote wakageuza shingo kumtazama Ndolo.

Ndolo akatupa jembe. Akapiga mapaja yake kwa mikono miwili akanguruma, "Nilisema! Nilimwambia mke wangu tangu mwanzo! Nikasema, huyu mzee wa kanisa anajua mengi mno!" Halafu akasikia alichokisema. Akatutazama sote. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini kwenye mtaro, na Mumbua akaanguka juu ya kilima cha udongo, nami nikacheka huku nalia, sijui lipi lilitangulia.

Mtaro ule umebaki hatua sita haujaisha. Hakuna aliyeweza tena kuinua jembe.

Ni mimi, shangazi yako ambaye hakuwekwa nyuma,
Kalunde